Sifuri za Mjomba

Mjomba wangu macho yake yalikuwa mazima. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kuzungushazungusha maneno, kwa sababu hadi leo wapo watu wanaosema, "Yule mzee aliyekuwa akihesabu wadudu mtoni na huku haoni," kisha wanacheka. Wanamcheka asiyestahili. Alikuwa anaona kuliko mimi, kuliko mkuu wangu wa kazi, kuliko wote tuliosimama naye ukingoni siku ile. Mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba haoni, na nilifanya hivyo nimekaa kwenye kiti, feni inanipepea, moyo umenijaa huruma.

Kazi yake ilikuwa kupiga mto mateke. Ndiyo, cheka, wote walicheka. Kila mwezi alivaa mabuti ya mpira yanayofika kiunoni, akaingia mtoni penye mawe, akashika wavu upande ambao maji yanaelekea, kisha akapiga mawe mateke kwa dakika tatu huku anatazama saa. Wadudu waliojishikiza chini ya mawe wakabanduka na maji yakawapeleka wavuni. Halafu alimwaga kila kitu kwenye beseni jeupe, akapiga magoti, akawahesabu mmoja mmoja kwa kijiko cha chai. Wachunga ng'ombe wa ng'ambo walimbandika jina la Mateke. "Mzee Mateke, leo mto umekukosea nini?" Naye huwajibu, "Umenitukania mke." Kisha anaendelea na kazi yake.

Aliandika kwa penseli, maana wino na maji havikai nyumba moja. Fomu ilikuwa na safu ya konokono, ya kaa, ya minyoo, ya ruba, ya watoto wa kereng'ende, na juu kabisa ilikuwa safu ya wale aliowapenda kuliko wote. Vitabu vina jina lao refu, lakini yeye aliwaita mikia mitatu, kwa kuwa ndivyo walivyo. Vidudu vyembamba, hata vikikua sana havizidi punje ya mchele, vina miguu sita na mikia mitatu kama nyuzi. Hivyo ndivyo vinavyotangulia kufa maji yakiharibika. Samaki bado anaogelea na kunenepa, lakini mikia mitatu wameshaondoka. "Hawa wakiwepo, nalala," alikuwa akisema Mjomba. "Wasipokuwepo, usiniulize mimi. Nenda kawaulize walioko juu wamemwaga nini."

Vituo vyake vilikuwa vinne. Cha kwanza na cha pili viko juu, mto unakotoka. Cha tatu na cha nne viko chini ya shamba kubwa, lile lenye mabomba kila upande na tangi la dawa ya kuulia wadudu wa mazao. Shika hilo la vituo, kwa sababu mimi mwenyewe sikulishika, na ndipo nilipoangukia.

Mama yangu mzazi alikuwa dada yake. Alifariki nikiwa darasa la pili, na Mjomba akaja na baiskeli, akanipakia pamoja na sanduku langu, akanipeleka kwake. Mke wake nimemwita Mama tangu juma la kwanza, wala sikuambiwa na mtu. Siku za likizo nilikaa mbele kwenye chuma cha baiskeli, beseni jeupe kichwani kama kofia, tukaenda mtoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu viumbe visivyotulia. Sheria yake ilikuwa moja. "Ukihesabu, usitamani," alisema. "Ukitamani kitu utakiona hata kama hakipo. Andika ulichokiona, hata kikikuudhi." Nilikuwa na miaka tisa, nikaitikia ndiyo Mjomba, nikarudi kutafuta kaa wa kumtisha Mama.

Nilipomaliza chuo nikaajiriwa maabara ya ofisi ya maji, ileile iliyomwajiri Mjomba. Kazi yangu ilikuwa chupa za sampuli, mashine mbili zinazonguruma, na fomu. Kila mwisho wa mwezi Mjomba alileta fomu zake zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, nami nikaziingiza kwenye kompyuta, kisha nikazitia kwenye droo ya chini. Ripoti ikapigwa chapa, mkuu akaitia saini, ikaenda. Mjomba hakubaki na nakala. Mkuu alipomshauri abaki nayo, alishangaa kweli. "Ya nini? Si ziko kwa binti yangu?"

Sasa nakuja kwenye chai.

Jumapili moja nilikwenda kuwaona. Mjomba akaniambia nikae, leo mimi ni mgeni, akanyanyua birika, akamimina. Chai ikaenda pembeni ya kikombe, ikajaa kwenye kisahani, ikatiririka mezani. Akacheka, akafuta kwa kitambaa, akamimina tena, na tena ikaenda pembeni. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Nikamtazama anavyosoma gazeti akiwa amelirudisha nyuma urefu wa mkono mzima. Nikakumbuka siku aliyonipita sokoni bila kunisalimu. Basi nikajua, au nilidhani nimejua: macho ya Mjomba yanakwenda, naye anatuficha.

Ofisini hapakuwa na masihara na jambo hilo. Mpima kina wa maji kabla yake alipoanza kukosea kusoma namba, alistaafishwa mapema, akaenda kwao kimya kimya, na mwaka haukuisha akafa. Mjomba alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu. Bila mto yule mtu angekuwa nani? Nilirudi mjini roho juu.

Mwezi ule ule fomu ikaja. Kituo cha tatu, mikia mitatu: sifuri. Sifuri ya penseli, nene, ameipitia mara mbili.

Wangekuwa samaki ningeshtuka. Lakini punje ya mchele yenye mikia! Nikasema, haya, imeanza, mzee hawaoni tena. Palikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kupanda gari, saa mbili njiani, niingie mtoni mwenyewe nipige mateke niangalie. Sikwenda. Ningesemaje? "Mjomba, nimekuja kukukagua"? Yeye aliyenifundisha? Niliona aibu. Nikafungua ripoti ya mwezi kama huo mwaka uliopita, nikakuta thelathini na moja, nikaandika thelathini na moja.

Mwezi wa pili sifuri tena, nikaweka ishirini na sita. Mwezi wa tatu sifuri kituo cha tatu na sifuri kituo cha nne, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo, "Tafadhali waulizwe shambani." Nikasikitika hadi machozi yakanilenga. Maskini, nikasema, sasa anawasingizia watu wa shamba. Nikaweka ishirini na nane na ishirini na mbili, maneno ya pembeni sikuyaingiza. Nilijiona mtu mwema. Niliona namlipa fadhila za ile baiskeli.

Juma la pili la mwezi wa nne, bomba la shamba lililozikwa chini lilipasuka baada ya mvua ya usiku, na dawa yote iliyokuwa kwenye tangi ikaingia mtoni.

Tulifika asubuhi na chupa zetu. Jamani. Mto ulikuwa mweupe kwa matumbo. Kambare wakubwa kama mapaja, perege, vyura, kaa waliopanda hadi kwenye nyasi wakakaukia huko, ndege mdiria kaanguka na samaki mdomoni. Watu walikuwa wameshaanza kujaza ndoo, na muuza mboga mmoja aligombana nami kufa na kupona: "Samaki amekufa mwenyewe, sijamwua mimi, wewe unanikataza kwa lipi?" Ilibidi askari aje ndipo akamwaga.

Kuwahesabu wafu wa mto kuna utaratibu wake. Unavuta kamba mita mia ukingoni, unamhesabu kila aliyelala ndani ya mita hizo, na kila uliyemhesabu unamkata ncha ya mkia kwa mkasi ili asihesabiwe mara mbili. Mjomba alifanya kazi hiyo siku tatu. Hakusema na mtu. Nilisikia tu mkasi. Siku ya tatu aliwakuta fisimaji wawili chini ya mizizi, mkubwa na mdogo, akavua kofia yake akaiweka kwenye jiwe, akakaa chini. Jumla yetu kutoka bomba hadi darajani ilikuwa elfu tisa mia sita na arobaini. Viumbe vidogo kuliko kidole havimo.

Jioni hiyo ya tatu tulisimama kituo cha tatu, mkuu, mimi, Mjomba na mabwana wawili wa tume iliyotumwa kuchunguza. Mjomba alikuwa ametoka majini na beseni lake. Akalionyesha.

"Tazameni," akasema. "Huko mbali kabisa, chini ya mto, kuna mikia mitatu waliokufa wamejaa kwenye mchanga. Hapa hakuna hata mzoga. Hapakuwa na wa kufa. Jambo hili si la juzi, wakubwa. Limeanza miezi mitatu nyuma, dawa ikivuja kidogo kidogo. Niliandika."

Mmoja wa wale mabwana akamgeukia mkuu. Mkuu alikuwa na ripoti kwapani, zimepigwa chapa, zina mihuri. Akafungua. "Mzee, mwezi uliopita hapa uliandika ishirini na nane."

"Mimi?"

"Ishirini na nane. Na kabla yake ishirini na sita. Na kabla yake thelathini na moja."

Mjomba akaichukua karatasi. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Akanitazama mimi. Hakunitazama kwa kunishuku, na hilo ndilo linaloniua. Alinitazama kama mtu aliyepotewa na njia anavyomtazama mwenzake. Nilikuwa nimeshika chupa mbili za sampuli. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, "Nilibadilisha mimi," na mto mzima ulikuwa kimya unanisubiri, hata chura hapakuwa na wa kunikatiza.

Sikusema.

"Basi nitakuwa nimekosea," Mjomba akasema. Akamrudishia mkuu karatasi kwa mikono miwili. "Kama imeandikwa hivyo, basi nimekosea. Samahanini."

Wale mabwana wakaandika kwamba bomba lilipasuka ghafla, kwamba hapakuwa na dalili ya awali, na kwamba shamba litaurudishia mto uhai wake kuanzia bombani hadi darajani, basi. Chini ya daraja, ambako sumu ya miezi mitatu ilikuwa imejilaza kwenye tope, hapakutajwa. Juma lililofuata Mjomba akaleta ofisini wavu, mabuti, beseni na kijiko cha chai. Alimwambia mkuu kwamba mtu asiyejua kama ameona au hajaona hana haki ya kuhesabu kitu cha watu.

Utaniuliza, wakati ule ulijua? Nitakujibu bila kujitetea sana. Ukingoni pale nusu yangu ilijua, na nusu nyingine ikawa inaibembeleza: macho yake ni mabovu, amebahatisha tu. Nusu hiyo ya uongo iliishi mwezi mmoja. Nilikwenda nyumbani kumwona Mjomba, nikamkuta amekaa barazani mikono imelala mapajani, na Mama akaniambia nimimine chai. Nikanyanyua birika, nikamimina. Ikaenda pembeni.

"Lo, kumbe hukuambiwa," Mama akacheka. "Birika hilo lilianguka miezi sita iliyopita, mdomo ukapinda. Ukitaka likutii, mimina na kikombe ukikaribishe huku kushoto. Mjomba wako hajajifunza hadi leo, mbishi yule."

Niliweka birika chini. Nilimwambia Mama tumbo linanikata, nikaondoka. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, siku ya Jumapili, nikafungua droo ya chini. Fomu za penseli zote zilikuwepo. Nikazitandaza sakafuni. Kituo cha tatu sifuri. Na juu yake, karatasi hiyohiyo, mkono huohuo, tarehe hiyohiyo: kituo cha kwanza, mikia mitatu, thelathini na nne. Kituo cha pili, thelathini na saba.

Umeelewa? Mimi nilisomeshwa, nina cheti ukutani, na sikuliona. Mtu asiyeona haoni popote. Haiwezekani aone saa tatu asubuhi juu ya mto, kisha awe kipofu saa sita mchana chini ya shamba. Mtoto wa shule angeniambia. Nililia pale sakafuni mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Na bado sikusema. Nakuambia ukweli wangu wote. Ripoti ya tume ilikuwa imeshasainiwa, kazini ningefukuzwa, watu wangesema nilikula njama na wenye shamba. Nikajiambia ngoja mambo yapoe. Yalipoa miezi kumi na minne.

Katika miezi hiyo Mjomba alizeeka kwa namna ambayo sikuijua kabla. Si maradhi. Aliacha kujiamini, na ukiacha kuyaamini macho yako, mwili mzima unakuwa wa kuazima. Baiskeli aliiuza, akisema ataua mtoto wa mtu. Alikuwa akimsaidia Mama kuchambua mchele, sasa akawa anaokota punje, anamwonyesha: "Hili ni jiwe?" Mama anamwambia ni mchele. Anairudisha taratibu, kisha anauliza ya pili. Barabara ya kwenda kinyozi, ambayo ameivuka maisha yake yote, alisimama ukingoni gari likiwa mbali kabisa, akangoja ashikwe mkono.

Mama alinipigia simu. "Mpeleke kwa daktari wa macho, mwanangu. Wewe anakusikiliza."

Nilimpeleka. Fomu za penseli zilikuwa mkobani mwangu, zimekuwemo miezi, nimezibeba kila mahali kama hirizi ya kujitisha. Daktari, kijana mchangamfu, alimwinamisha, akammulika, akamsomesha herufi ukutani. Mjomba alizisoma zote hadi mstari wa mwisho, lakini kila herufi aliisema kwa kuuliza. "Ni E? Ni P?" Daktari akazima taa yake. "Mzee, mtoto wa jicho amekuanza kidogo sana, hata kutambaa hajaanza. Unahitaji miwani ya kusomea tu. Kwa mbali unaniona kuliko ninavyokuona."

"Asante, daktari," Mjomba akasema kwa adabu.

Tulikaa kwenye benchi nje tukisubiri cheti. Mama mmoja alikuwa amelala upande ule mwingine na bandeji jichoni. Mjomba akaninong'oneza, "Ananibembeleza yule. Wanafundishwa kuwabembeleza wazee. Kama naona, mbona ripoti ilisema wapo?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Si ujasiri, usinipe sifa. Niliishiwa tu pa kujificha.

"Mjomba," nikasema, "uliandika sifuri, na ilikuwa sifuri. Zile namba niliziweka mimi."

Nikatoa karatasi. Akazipokea, akazisogeza karibu, akazisogeza mbali.

"Huu ni mwandiko wangu?"

"Ni wako, Mjomba."

"Sifuri hii?"

"Ni yako."

Akapitisha kidole juu yake. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Nilidhani huoni. Nilidhani watakustaafisha. Ulikuwa unamwaga chai."

"Chai?" akasema.

"Chai, Mjomba."

Nilitaka anipige. Kweli, nilitaka ainuke anizabe kofi pale mbele ya wagonjwa, nimalizane naye. Alikunja karatasi zile kwa mikunjo ileile ya zamani. "Tulihesabu wangapi?" akauliza.

"Elfu tisa mia sita na arobaini."

"Na wale wawili."

"Na fisimaji wawili."

"Miezi mitatu bomba lingeshazibwa," akasema. Halikuwa swali, lakini nilijibu ndiyo. Akatikisa kichwa. "Mwaka mzima nimekuwa nikimwonyesha mama yako mchele." Halafu akainuka, akanishika mkono kwa ajili ya ngazi, na tukashuka. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alisema twende, Mama anasubiri.

Kesho yake niliingia kwa mkuu na zile fomu. Alinipigia kelele mpaka karani wa nje akafunga mlango, na kila neno lilikuwa haki yangu. Ripoti iliandikwa upya, wenye shamba wakalazimika kuchota tope hadi chini ya daraja na kuacha ukanda wa majani kati ya mazao na maji. Mjomba aliandikiwa barua yenye muhuri inayosema hesabu zake zilikuwa sahihi. Mama aliisoma kwa sauti barazani, akashangilia. Mjomba akaichukua, akaitazama, akamwuliza, "Imeandikwa hivyo kweli?"

Mimi niliondolewa maabara. Nilipewa wavu, mabuti na kijiko cha chai. Sasa Mateke ni mimi, na wachunga ng'ombe wameshanizoea.

Kuurudisha mto si kumwaga samaki, ingawa mkuu alitaka tumwage samaki mapema apigwe picha na ndoo. Samaki atakula nini? Kwanza tope lilichotwa. Kisha matete yakapandwa ukingoni, na kazi hiyo aliisimamia mwanamke mmoja hodari ambaye tulimwita Mama Matete, hana maneno ya kupaka mafuta huyo, akiona umepanda vibaya anang'oa mbele yako. Kisha tukaazima mawe. Tulikwenda kituo cha kwanza, tukanyanyua mawe yenye uhai chini yake, tukayafunga kwenye magunia mabichi, tukayashusha kwa mikono hadi kituo cha tatu na kuyapanga kama yalivyokuwa, upande wa chini ukibaki chini. Na kila mwezi nikapiga mateke. Konokono walirudi mwezi wa tano. Ruba walirudi bila kuombwa, wale hawana haya. Mikia mitatu, sifuri. Sifuri. Sifuri. Niliandika zote, nikazipitia mara mbili kwa penseli.

Miezi ishirini na miwili baada ya tope kuchotwa, nilimwomba Mjomba aje nami. Mama alimshika mkono kutoka garini hadi ukingoni, tukampa kigoda. Maji yalikuwa yanaonyesha mawe hadi chini. Niliingia, nikapiga dakika tatu kwa saa, nikamwaga beseni, na kabla ya kupiga magoti nikamwona. Mmoja. Anapanda ukuta wa beseni kwa miguu yake sita, mikia imetanuka. Niliziba mdomo nisipige yowe. Nililibeba beseni nikaliweka mapajani mwa Mjomba, nikampa kijiko.

"Hesabu, Mjomba."

Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kijiko kilitembea, kikasimama palepale panapostahili, kikamzingira yule mdudu bila kumgusa, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa. Alimwona. Naapa kwamba alimwona. Kisha akaniinulia uso.

"Unamwona kweli," akaniuliza, "au unanihurumia?"

"Namwona, Mjomba. Wallahi namwona."

Alitikisa kichwa polepole, kwa upole, kama anayemkatalia mtoto kitu. Akageuka kule kwenye matete, ambako Mama Matete alikuwa akipalilia, akapaza sauti.

"Mama! Samahani, mama! Hebu njoo utuangalizie hapa."

Mama Matete akaja anafuta mikono kwenye kanga. Akachungulia. "Kidudu kimoja," akasema. "Kina mikia mitatu. Kwani vipi?"

"Hakuna," Mjomba akasema. Akanirudishia kijiko. "Haya. Sasa andika."

Nikaandika moja.